Kijani cha Alfajiri

Ofisi yetu ya Lodwar ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, chenye joto la kukufanya umchukie hata anayekusalimia. Nilifika hapo mwishoni mwa mwaka wa 2012 kutoka Kitale, na sitadanganya, sikuja kwa kupenda. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ikipanga mahali pa kuongeza minara ya simu kati ya Lodwar na Kakuma, na jamaa aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alikuwa ameondoka ghafla kwenda kusoma ng'ambo. Nikaachiwa meza yake, kompyuta yake na ramani zake. Wiki za kwanza nilimlaani kila asubuhi, maana hata feni aliiacha mbovu.

Kazi yenyewe, kila nilipojaribu kuieleza nyumbani, watu walipiga miayo. Mnara unatoa mawimbi ya redio. Huyaoni wala huyasikii, lakini yana sheria zake: yakigonga mabati yanarudi, yakivuka kilima yanajipinda kidogo kuelekea chini upande wa pili, yakiingia kwenye mchanga mkavu mengine hayatoki tena. Kompyuta inaikata nchi nzima vipande vidogo vya mraba, kisha inakadiria ni nguvu kiasi gani itafika katika kila kipande. Ikifika ya kutosha, kipande kinapakwa kijani. Isipofika, kinapakwa rangi nyekundu. Ukimaliza unapata ramani, na wakubwa wa Nairobi ukishawapa ramani ya rangi hawaulizi tena kitu.

Lakini makadirio ni makadirio tu. Hakuna kompyuta ya bei yetu ambayo ingeweza kufuata kila wimbi kwenye kila jiwe la Turkana, kwa hiyo mtangulizi wangu alitumia njia ya haraka, ile inayoangalia umbali, urefu wa mnara na vilima vilivyo katikati, basi. Baadaye aliingia barabarani na gari lenye antena juu ya paa, akapima mawimbi halisi, akazirekebisha hesabu zake mpaka zikalingana na vipimo. Kila mtu katika kazi hii hufanya hivyo. Nilipozikagua zilikuwa zimelingana vizuri kupita kawaida, nikamsifu kimoyomoyo licha ya ile feni.

Mwanzo wa mwaka uliofuata, wakati mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine ila uchaguzi na hizo kaunti zilizokuwa zinakuja, aliingia ofisini meneja wa shirika dogo lililokuwa likiendesha zahanati kadhaa kando ya barabara ya Kakuma. Alikuwa mtu wa Kenya kama mimi. Huko Lodwar hivyo ndivyo walivyotuita sisi tuliotoka kusini, watu wa Kenya, utadhani Turkana ni nchi nyingine, na kwa jinsi ilivyokuwa imetupwa sikuona sababu ya kubishana nao. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akapangusa shingo, akasema ana jambo zito.

Katika mojawapo ya zahanati hizo mama mmoja alikuwa amefariki baada ya kujifungua. Damu haikukata. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, na muuguzi huyo alikuwa amepewa simu ya kuitia ambulensi iliyokaa Lodwar. Mama alikufa mchana. Hakuna simu iliyoingia Lodwar. Kilichofika kwa meneja ni ujumbe mfupi, "Mama anavuja damu tuma gari haraka," nao uliingia jioni, jua likizama, marehemu akiwa ameshafunikwa shuka zamani.

"Yeye anasema alijaribu mchana kutwa, mtandao ukakosekana," meneja alisema. Kisha akatoa karatasi kwenye bahasha na kuikunjua mezani. Ilikuwa ramani yetu. Alikuwa ameiomba Nairobi wakampa bila shida. Zahanati ilikuwa katikati ya kijani, kijani kilichoiva, hakuna chekundu hata cha dawa.

Aliniambia hataki kumwonea mtu. Alichotaka ni nije kwenye kikao chao nithibitishe kwamba ramani ni ya kweli, wamalize. Nikishathibitisha, muuguzi angefutwa kazi, jina lake lingepelekwa kwa wanaotoa leseni, na kwa familia ya marehemu angekuwa ndiye aliyekaa na simu mfukoni akimwangalia binti yao akifa, kisha akaandika ujumbe wa uongo kujikinga. Meneja aliyasema haya kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi.

Nilimjibu kwamba siwezi kutoa ushahidi juu ya mahali ambapo sijakanyaga. Usifikiri ni wema. Mimi nina ukaidi tangu utotoni, ukinitilia maneno mdomoni nitayatema hata kama ni matamu.

Tuliondoka Lodwar alfajiri na msafara wa magari uliosindikizwa na askari. Dereva wangu alikuwa mzaliwa wa pale pale, mtu wa maneno machache asiyependa kuamshwa mapema lakini aliyependa kusafiri kabla ya jua kali. Barabara ilikuwa imechakaa hivi kwamba magari yalikimbia kando yake, kwenye mchanga. Tulivuka malaga mawili matatu, mito ya msimu iliyokauka, tukapita mgongo wa vilima vya mawe meusi, na upande wa pili wa vilima hivyo tukaachana na msafara.

Zahanati ilikuwa majengo mawili ya mawe, paa la mabati, tangi la maji la plastiki juu ya jukwaa la chuma, na ua wa matawi ya mathenge, ule mti wa miiba. Jengo moja lilikuwa la wagonjwa. La pili lilikuwa chumba cha kujifungulia, kilichofunguliwa mwaka uliotangulia, bado na harufu ya rangi. Kabla ya hapo, wanawake wa pale walizalia nyumbani, manyattani, na walioshindwa walishindwa huko huko.

Muuguzi alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mwenyeji wa Lorugum, rika langu, mrefu, koti jeupe na malapa. Wenyeji walimwita daktari.

"Ejok, sista," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Wewe ndiye wa ramani?"

Hakunikaribisha kiti. Nilijikalia mwenyewe kwenye benchi la wagonjwa, nikamwomba anieleze siku ile ilivyokuwa, naye akanieleza akiwa amesimama, akiangalia pembeni. Mtoto alitoka salama, msichana. Kondo la nyuma lilitoka. Kisha damu ikaanza na haikusimama. Alimchoma sindano aliyokuwa nayo. Alikandamiza tumbo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akabonyeza simu, ikagoma. Akamwonyesha mama mkwe wa yule mama namna ya kukandamiza, akatoka mbio, akapanda jukwaa la tangi mpaka juu. Ikagoma. Akaandika ujumbe, akautuma, ukabaki kuzunguka tu. Pikipiki zote zilikuwa zimekwenda Kakuma, ilikuwa siku ya watu kuchukua chakula cha msaada. Akaagiza vijana wakasimame barabarani, na baada ya muda mrefu lori moja lililokuwa likitoka Lokichoggio likasimama. Walimbeba mama na godoro lake. Alikata roho kati ya mlango na barabara.

"Lori likaenda zake," akasema. "Dereva wake simjui. Hiyo ndiyo shida yangu. Shahidi wangu ni lori."

Nikatoa simu yangu mfukoni. Mtandao ulikuwa umejaa. Nikampigia meneja pale pale, nikiwa kwenye benchi, nikamsikia vizuri mpaka redio iliyokuwa ikiimba nyuma yake. Nilimwambia tumefika salama, nikakata. Muuguzi alikuwa akinitazama muda wote huo.

Nilifikiri anadanganya. Nitasema nini zaidi? Simu ilishika, ramani ilisema itashika, na mtu aliyeogopa kufutwa kazi alisema haikushika. Ningekuwa mjinga kutowaza hivyo.

"Umeamini ramani," akaniambia.

"Nimeamini simu, sista."

Aliingia ndani kwa wagonjwa wake. Nami nikamwambia dereva tugeuze, tuwahi kurudi kabla jua halijawa kali. Nilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyesafirishwa kutazama uongo.

Dereva akaniambia hatuendi popote. Miiba ya mathenge ilikuwa imetoboa magurudumu mawili, na gurudumu la akiba lilikuwa moja. Aliziba, akajaza upepo, likalia fyuu, akaziba tena. Aliendelea na kazi hiyo huku akiyasema magurudumu kwa Kiturkana, na jua likapanda. Mwishowe akaamua kumpigia ndugu yake Lodwar amletee tyubu na gari litakalopita. Alizunguka gari, akaenda hadi langoni, akarudi.

"Madam, simu imekataa."

Nikampa yangu. Nayo ilikuwa imekataa. Pale palipokuwa na mtandao uliojaa asubuhi hapakuwa na hata alama moja. Niliizima nikaiwasha. Niliinua mkono nikaizungusha hewani, upuuzi ambao kila siku nawacheka watu wakiufanya. Halafu nikakumbuka kwamba mimi kazi yangu ni hii, nikaenda garini nikachukua kifaa cha kupimia mawimbi na kulipanda tangi.

Chuma cha jukwaa kilikuwa cha moto, nilikikamata kwa khanga. Huko juu, kwa antena nzuri, mnara wa ng'ambo ya vilima haukusikika kabisa, na ule wa upande wa Kakuma ulisikika kwa mbali sana, mnong'ono ambao simu ya mkononi haiwezi kuushika. Nilikaa pale mpaka kichwa kikaanza kuniuma. Kila nilipoangalia kifaa nilitumaini kitabadilika, kwa ajili ya kazi yangu, halafu nikatumaini hakitabadilika, kwa ajili ya muuguzi. Hakikubadilika.

Niliteremka, nikaketi kivulini barazani na kompyuta, nikafungua vipimo vya mtangulizi wangu, vile vilivyolingana vizuri mno. Kila kipimo huwa na saa yake pembeni. Sikuwahi kuziangalia, nani huangalia saa? Vyote, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, vilikuwa vya alfajiri na asubuhi mapema.

Nikaelewa, na laiti ningekuwa nimeelewa mapema, nikiwa bado ofisini. Lodwar mtu mwenye akili timamu hafanyi kazi mchana. Mafundi wanaamka kiza kikiwa bado, wanamaliza kabla jua halijachemka, wanalala, wanarudi jioni. Kompyuta zenyewe zinajizima kwa joto. Msafara wa askari nao unaondoka alfajiri. Yule jamaa alikuwa amefanya kama walivyomfundisha wenyeji, kwa busara kabisa, na busara hiyo ndiyo iliyompotosha. Mpumbavu aliyetoka Nairobi jana angepima saa saba mchana, angeungua, na angepata majibu sahihi.

Maana hewa ya pale si moja. Usiku ardhi inapoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake, na alfajiri unakuta ubaridi umelala chini na joto limekaa juu. Wimbi likipita katika hewa ya namna hiyo linainamishwa kuelekea chini, linaufuata mgongo wa nchi, linavuka vilima na kufika mahali ambapo halikustahili kufika. Jua likishachoma mchanga, mambo yanageuka. Hewa ya chini inachemka, wimbi linaachwa liende moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Njia ya haraka haijui habari hiyo. Kwake hewa ni hewa.

Jua lilipozama simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, yangu, ya dereva, ya muuguzi, ujumbe wa mchana kutwa ukiingia kwa pamoja. Ndugu wa dereva alikuwa anauliza kama tumefika. Muuguzi alikuwa mlangoni na taa. Nilimwendea nikamwambia ujumbe wake aliutuma kweli mchana, ukakaa ndani ya simu ukingoja hewa ibadilike, ukaondoka jioni. Nilimwambia kwamba nilidhani anadanganya, na kwamba naomba radhi.

Hakulia. Aliweka taa chini, akakaa kwenye ngazi.

"Nilianza kufikiri labda sikupiga," akasema. "Wameniuliza mara nyingi mpaka nikawa najiuliza usiku, kweli nilipiga? Ama nilipanda tangi bure, nikaota?"

"Ulipiga."

"Na ukiwaambia, watakuamini?"

Nikamwambia watanitaka niwaonyeshe, nami nitawaonyesha.

Niliporudi Lodwar nilifanya hesabu upya kwa njia nyingine, ile ndefu ambayo chuoni tuliifanya mara moja tukaisahau. Unalichukua wimbi pale mnarani na kulisukuma mbele hatua kwa hatua, na kwa kila hatua unaiuliza hewa ya kila kimo ina joto gani, inalipindaje. Watu wa hali ya hewa walinisaidia na vipimo vyao vya joto, na dereva wangu, Mungu ambariki, alipanda ngazi ya mnara alfajiri na adhuhuri akiwa na kipimajoto kiunoni huku akinung'unika kwamba yeye ni dereva. Kompyuta ilikoroma siku nyingi. Stima ilipopotea nilianza upya. Nilipata ramani mbili za mahali pamoja, ya alfajiri na ya mchana. Kwenye ya mchana zahanati ilikuwa imezama kwenye wekundu, na si hiyo peke yake, ukanda mzima nyuma ya vilima.

Nilimpigia mkubwa wangu Nairobi. Alisikiliza, akaniuliza nani alinituma. Ramani ya kwanza ilikuwa imeshapelekwa kwa watu wengi, alisema, na mimi naleta mambo ya hewa. Nikamwambia kuna mtu anafukuzwa kwa sababu ya ramani hiyo. Akasema huyo mtu si mwajiriwa wetu. Damu ilinichemka, nikamwambia basi na anifukuze na mimi, nikakata simu. Hakunifukuza. Nadhani hakuwa na mwingine wa kumtuma Lodwar.

Nilimuuliza pia, kabla sijakata, kama kwa ukanda ule tungeongeza mnara. Alicheka. Watu wenyewe wachache, wenye simu wachache zaidi. Hilo nililijua kabla ya kuuliza.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya shirika pale Lodwar, kwenye meza ndefu. Alikuwepo meneja, watu wawili wa bodi, na mjomba wa marehemu, mzee aliyekalia ekicholong yake, kigoda kile cha Waturkana, badala ya kutumia viti vyao. Muuguzi alikaa mwisho wa meza akiwa amevaa gauni la kanisani. Nilisema yote kwa Kiswahili, polepole, ili yule mjomba asikie bila kutafsiriwa. Niliwaonyesha ramani mbili. Niliwaeleza ujumbe ulikaa wapi mpaka jioni. Nilieleza kwamba hata angepanda tangi lile mara mia, saa ile, simu isingeshika.

Mjomba aliuliza swali moja. "Kwa hivyo huyu daktari aliita, na hapana mtu alisikia?"

"Ndiyo, mzee. Aliita."

Akatikisa kichwa, akamgeukia muuguzi akamwambia neno kwa Kiturkana, na hapo ndipo yule dada alipolia. Meneja naye nitampa haki yake, hakubishana. Aliomba msamaha mbele ya watu, akasema mashtaka yamefutwa na jina la muuguzi ni safi. Nilijiona mkubwa, niseme ukweli. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu.

Kisha mmoja wa bodi akavuta ramani ya mchana karibu, akaitazama, akauliza kama wekundu huo ni wa kila siku. Nikasema ni wa kila siku yenye jua. Pale kwetu ni siku gani haina jua? Akamwangalia meneja, na meneja akainamisha macho.

Ilikuwa hivi. Wafadhili wao walikuwa na sharti: hakuna chumba cha kujifungulia mahali ambapo muuguzi hawezi kuita ambulensi wakati wote. Chumba cha pale kilifunguliwa kwa sababu ya ramani yetu ya kwanza. Walipoiona kijani walikubali kujenga, na redio za zamani za kuitana wakaziondoa kwa kuwa hazihitajiki tena. Sasa mimi, mhandisi wa kampuni yenyewe, nilikuwa nimewathibitishia kwa picha kwamba sharti halijatimizwa. Wasingeweza kujifanya hawajaona.

"Rudisheni redio," nikasema.

Meneja alieleza kwamba redio zilishatolewa, vibali vimekwisha, bajeti ya mwaka imefungwa, na serikali ya kaunti ndiyo hiyo inakuja, hakuna anayejua nani atasimamia nini. Labda mwaka ujao. Nikamwambia mwaka ujao wanawake watakuwa wamezaa. Akasema anajua. Muuguzi alikuwa amesimama.

"Msifunge," alisema. "Mimi nitabaki hivyo hivyo bila simu. Nilizoea."

Wakamwambia akibaki na mama mwingine akafa, safari hii watashtakiwa wote. Walikuwa waoga, lakini hawakuwa wabaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba sikumpata mbaya wa kumshika shati. Walifunga chumba wiki ile ile. Jengo la wagonjwa likaachiwa mhudumu aliyejua kugawa dawa za malaria tu, na muuguzi akahamishiwa kliniki yao nyingine, Kakuma mjini.

Baadaye mwaka huo nilitumwa Kakuma kupima katika kambi ya wakimbizi. Ni kazi ya kuumiza kichwa, mabati kwa mabati, wimbi linagonga paa hili linarukia lile mpaka simu ikisikia wito haijui imeusikia mara ngapi. Mchana nilikuwa nikizunguka na kifaa changu katikati ya watu wanaoongea Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo, na nilipima saa zote, mpaka saa zile ambazo mbwa wenyewe wamejificha. Siku moja nilikwenda mjini kumtafuta muuguzi. Sikuwa na sababu ya kazi. Nilitaka kumwona mtu mmoja ambaye nilikuwa nimemfaa.

Alifurahi kuniona, na sidhani alikuwa akijitia. Aliagiza chai ya maziwa, tukakaa nyuma ya kliniki kwenye masanduku ya dawa. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza kazi, akasema kazi ni nzuri, ana wenzake, ana simu inayoshika. Nilimuuliza kama husikia habari za kule zahanatini.

Mlinzi wa kule humpigia asubuhi, akasema. Wanawake hawakuacha kuja. Walikuwa wameshazoea njia, na waliambiana tangu chumba kilipofunguliwa kwamba mtu akishikwa na uchungu aende pale. Wanafika, wanakuta kufuli. Lodwar ni mbali na Kakuma ni mbali. Basi wanazalia ukutani, kwenye kivuli cha chumba chenyewe. Ufunguo uko Lodwar. Mlinzi anawachotea maji, anasimama mbali kwa sababu yeye ni mwanamume. Wengine wanaondoka na watoto wao. Kwa wengine, yeye ndiye huenda kuwaita ndugu waje kuchukua maiti.

"Wangapi?" nikauliza.

"Usiniulize wangapi."

Chai yangu ilikuwa imefanya ngozi juu. Nilitaka kusema kwamba haikuwa haki, kwamba nilipigana na mkubwa wangu, kwamba bado naandika barua za kuomba redio, na kweli nilikuwa naziandika. Yeye alinishika mkono kabla sijaanza. Sasa sikuwa tena yule wa ramani.

"Dada yangu, mimi sikulaumu. Ulisema ukweli, na mimi mwenyewe niliutaka. Nililala usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza." Akaitazama ile kliniki yake. "Lakini nimehesabu mara nyingi. Ungenyamaza, wangenifuta mimi peke yangu. Jumatatu wangeleta muuguzi mwingine, na mlango ungekuwa wazi."

Mtu akamwita kutoka ndani. Akaweka kikombe chini, akaenda.